Funda la Emérance

Nilikuwa napeleka funguo tu.

Nalisema hilo mapema kwa sababu kanisani wapo wanaonong'ona kwamba nilikwenda baa kabla mwaka haujatimia tangu nimzike mke wangu. Sikwenda kunywa. Yves alinipigia simu mchana, akaomba funguo za ukumbi wa kanisa. Emérance alikuwa kiongozi wa kwaya, na tangu afe funguo zake zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari jikoni kwangu: funguo mbili za shaba zinazofanana, zimefungwa kwa uzi mwekundu. Mmoja wa ukumbi. Wa pili, nilidhani, wa stoo ya ngoma. Sikuwa nimezigusa.

"Nitakuletea Jumapili," nilimwambia.

"Apana, Prof. Leo. Kwaya iko na répétition ya nyimbo kesho. Tukutane Torvik saa kumi na moja. Si unapajua?"

Nilipajua.

Ilikuwa Januari 2016. Basi la Central Avenue lilinishusha jua likiwa limezama, theluji imegeuka buluu kando ya barabara. Torvik ni jengo la matofali la kona, lililojengwa na kiwanda cha bia zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kiwanda kilikufa zamani. Jina lake bado linasomeka ukutani kwa shida. Siku hizi ni mahali pa kula vizuri. Meza nzito za mbao, dari ya bati lenye nakshi za maua, kioo kirefu nyuma ya kaunta, na supu ya mchele-mwitu ambayo wenyeji wa Minneapolis huifuata wakati wa baridi. Watu huja na watoto wao. Hakuna kitu pale cha kumtisha mtu.

Yves alikuwa amekaa dirishani. Meza ileile.

Desemba ya 2014 tulikaa hapo watatu: yeye, mimi na Emérance. Mwisho wa Januari nilimzika, katika ardhi iliyogandishwa na baridi hata ikabidi ichimbwe kwa mashine. Ini. Madaktari waliandika jina refu la ugonjwa, na chini yake wakaandika kwamba chanzo hakijulikani.

Nikaweka funguo mezani. Yves alizichukua upesi, akazitia mfuko wa ndani wa koti.

"Kaa, Prof. Unasimama kama polisi juu ya nini?"

"Basi langu linakuja."

"Basi zitakuja hata kesho. Mwaka unakwisha, na hatujafanya levée de deuil. Nani atakuanulia matanga kama si mimi? Tumetoka wote Bukavu. Kaa, ndugu yangu."

Nikakaa.

Lazima nieleze jambo moja hapa. Kwetu Bukavu, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Chupa hufunguliwa machoni pako. Si dharau, ni heshima, maana kila mtu anajua habari za sumu, na kila mtu ana jina la marehemu wa kutaja. Mimi nilifundisha kemia chuo kikuu, na sasa nafanya kazi maabara ya hospitali. Nilikuwa nikicheka mambo hayo. Emérance hakucheka. Tulipofika Amerika, mahali ambapo bia huletwa ndani ya glasi na hakuna anayeonja chochote, alijipa kazi hiyo mwenyewe. Alichukua glasi yangu, akapiga funda moja, akatulia kidogo kama mtu anayehesabu. Kisha akaisukuma kwangu juu ya meza.

"Ya kwako," alisema.

Alifanya hivyo harusini, kwenye vipaimara, kila mahali. Wakongo wenzetu walitutania. Yves ndiye aliyetania zaidi.

Mhudumu alikuja, mama wa makamo mwenye nywele nyeupe alizozisuka mkia mmoja. Yves aliagiza bia mbili nyeusi, supu mbili na samaki. Bia zikaja. Glasi za Torvik zina mstari mwembamba mweupe karibu na ukingo, wa kuonyesha kipimo. Yangu ilijazwa mpaka kwenye mstari. Niliona, maana macho yangu yamezoea mistari ya aina hiyo. Nikainuka kutundika koti kwenye ndoano ya ukutani.

Krrr...

Sauti ya glasi inayosukumwa juu ya mbao.

Nikageuka. Yves alikuwa akitazama simu yake, mikono yote miwili mapajani. Glasi yangu ilikuwa imesogea karibu na kiti changu. Bia ilikuwa chini ya mstari kwa upana wa kidole.

"Umekunywa bia yangu?"

"Mimi? Na hii yangu nimpe nani?" Akacheka. "Kunywa, weye. Utakufa na kiu kwa kupimapima."

Niliinua glasi kwenye mwanga. Ukingoni palikuwa na alama ya mdomo, inang'aa kidogo. Nikainusa.

Mchaichai.

Wakati wa baridi Emérance alichanganya gliserini na mafuta ya mchaichai, akapaka midomo isipasuke. Hakuna mtu mwingine niliyepata kumwona akifanya hivyo.

Ningeweza kuondoka. Badala yake nilikunywa. Sitaeleza kwa nini, aliyefiwa ataelewa. Nilikunywa nikiweka mdomo juu ya alama ile.

Supu zikaja. Niliinama kuokota kitambaa kilichoanguka, na nikasikia tena. Krrr... Bakuli lilikuwa limesogea. Kijiko changu, ambacho sikuwa nimekigusa, kilikuwa kimelowa. Kipande cha mkate kando yake kilikuwa kimemegwa kona moja. Yves alikuwa akila kwa haraka, jasho likimtoka juu ya mdomo, ingawa dirisha letu lilikuwa limeota barafu kwa nje.

Mhudumu alipita akaweka kijiko kingine mezani.

"Sikuomba," nilimwambia.

"Nimeona mnaonja kwa kijiko kimoja," akasema kwa upole. "Msiambukizane mafua."

Kati yangu na Yves hakuna aliyekuwa amegusa kijiko cha mwenzake.

Yves akakitazama kile kijiko. Halafu akanitazama mimi.

"Prof," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Ile barua."

Nilijua italetwa. Oktoba 1998, wakati wa vita, nilimwona Yves kwenye kizuizi cha barabara pale Essence, Bukavu. Hakuwa na bunduki. Alikuwa ameshika karatasi yenye orodha ya majina, akiwasomea wenye bunduki. Watu watatu wa mtaa wangu waliokuwa kwenye orodha hawakuonekana tena. Miaka mingi baadaye tukakutana Minnesota, kanisa moja, kwaya moja, naye akanikumbatia kama ndugu. Sikumwambia mtu, isipokuwa Emérance. Novemba 2014 Yves aliniomba niandike barua ya ushahidi ya kuwekwa kwenye faili lake la uraia: kwamba wiki ile alikuwa parokiani akiimba nasi.

Nilikataa. Sikuweza kuandika nisichokiona. Mwezi mmoja baadaye ndipo alipotualika chakula Torvik.

"Jibu langu ni lilelile," nilimwambia.

"Sikuombi uandike tena." Akafuta jasho. "Nataka kujua kama utaandika kingine. Kama wakikuuliza."

"Wakiniuliza, nitajibu."

Akatabasamu, akapiga meza kwa kiganja.

"Voilà! Mtu wa kweli. Basi, bia ya mwisho, ya Emérance. Na hii nalipa heshima mwenyewe." Akainuka kwenda kaunta. Hakumwita mhudumu.

Nilimfuatilia katika kile kioo kirefu. Nilimwona akipokea glasi mbili. Nilimwona akigeuka ukutani, mgongo kwangu, mabega yameinama. Niliona viwiko vyake. Mikono sikuiona. Nikahesabu mpaka kumi na moja.

Akarudi, akaweka glasi moja mbele yangu.

Imejaa mpaka kwenye mstari.

Nikaacha kuitazama makusudi. Niligeukia dirishani, nikatazama taa za magari juu ya theluji. Nikasubiri sauti.

Hakuna.

Nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nikakaa chini ya meza kwa muda ambao mtu mzima hakai chini ya meza.

Hakuna...

Nilipoinuka, povu lilikuwa limetulia. Bia ilikuwa kwenye mstari. Ukingo ulikuwa mkavu. Harufu ya mchaichai ilikuwa imeondoka, kama mtu aliyesimama ghafla akatoka.

Ndipo nikakumbuka. Na niseme wazi kwamba sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeiweka mahali ambapo sipiti. Desemba ile, meza hii, Yves alileta glasi ya mwisho kwa mkono wake. Emérance alipiga funda lake. Akatulia, akahesabu. Akakunja uso kidogo. Lakini hakuisukuma kwangu. Alimtazama Yves machoni, akapiga funda la pili, na la tatu, mpaka glasi ikaisha. "Leo si ya kwako," aliniambia. Tulicheka. Nilimwambia amekuwa mlevi. Mimi, mtu wa kemia, nilicheka.

Sijui hata leo kama alijua. Labda aliona uchungu tu, akaona aibu kumwaga kinywaji cha mwenyeji. Labda alijua kila kitu.

Niliisukuma glasi kwa Yves, polepole. Krrr. Safari hii nilikuwa mimi.

"Onja."

"Nini?"

"Kwetu anayetoa huonja."

"Tuko Amerika, Prof! Hata Yesu kule Kana, nani alimwambia aonje?" Alicheka peke yake. Mtoto wa meza ya jirani aligeuka kumtazama.

"Onja, Yves."

Aliishika. Aliinua mpaka karibu na mdomo. Nikaona macho yake yakiganda juu ya bega langu, mahali kilipokuwa kiti cha tatu, kilichokuwa kitupu tangu tukae. Bia ikamwagika kwenye kidole chake, naye akakifuta kidole hicho kwa kitambaa, haraka, mara mbili, mara tatu, kama mtu aliyegusa moto.

"Nimeacha pombe," akanong'ona.

Alikuwa amemaliza glasi nzima mbele yangu. Akachukua koti, akatoka bila kulivaa, katika baridi ya kukata masikio.

Nilimimina kiasi cha ile bia katika chupa ndogo ya sampuli niliyokuwa nayo mfukoni. Kesho yake nilipima nilichoweza kupima. Matokeo: bia. Lakini mashine zetu hutafuta kile zilichoagizwa kukitafuta, na mimi sikujua niziagize nini. Sikwenda polisi. Ningewaambia nini? Kwamba marehemu mke wangu alikataa kuonja?

Tangu jioni ile Emérance amekuwa nyumbani. Silazimishi mtu aamini. Kila jioni napika chai, naimimina katika kikombe chake cha kioo cha kupimia unga, chenye mistari myekundu. Naijaza mpaka mstari wa juu. Nageuka kuelekea sinki. Krrr... Nikigeuka tena, imepungua kidole kimoja, imesogea kwenye kiti changu. Ndipo ninakunywa. Kwa siku tisa nimelala usingizi ambao sikuwa nao mwaka mzima.

Leo ni Jumamosi. Nimerudi kazini jioni, nimepika chai, nimejaza, nimegeuka.

Kimya.

Nikageuka mara ya pili. Kimya. Chai ilikuwa kwenye mstari. Nikafikiri: amepumzika. Mwaka umetimia, amekwenda zake. Nililia kidogo, nikashika kikombe kwa mikono miwili nimuage.

Simu ikalia. Alikuwa Pascasie, mke wa Yves.

"Shemeji, bonsoir. Samahani kukusumbua. Ile funguo ya pili yenye ulimpa Yves, ilikuwa ya nini?"

"Ya stoo ya ngoma."

"Apana, shemeji. Stoo yetu haina kufuli. Nilitaka kukurudishia, nikasema labda ni ya nyumba ya marehemu. Lakini leo naangalia kwenye uzi, naona moja tu. Nauliza Yves, anasema hajui."

"Yves yuko wapi?"

"Alitoka mchana. Bado hajarudi."

Nimetazama msumari ulio mtupu jikoni. Emérance alikuwa na ufunguo wake wa mlango huu. Kwa mwaka mzima sikujiuliza uko wapi.

Mlango nimeufunga kwa komeo na kuegemeza kiti. Ofisi ya jengo imeahidi kubadilisha kufuli Jumatatu. Nimenusa majani ya chai, nimenusa sukari. Havinuki kitu kigeni. Ama amepumzika, ama hajapumzika na amekataa kuonja. Kwa macho hali hizo mbili zinafanana kabisa, na hakuna chombo chochote maabara kitakachonitofautishia.

Chai imepoa. Iko mbele yangu ninapoandika, imejaa mpaka kwenye mstari.

Sasa nimekipa kikombe mgongo. Nasikiliza.