Abiria Asiyefunga Mkanda

Gari lilianza kulalamika Jumatatu asubuhi, mama akiwa kwenye usukani. Tit, tit, tit, na kwenye skrini ya dashibodi maneno mekundu: abiria wa nyuma kushoto hajafunga mkanda. Nyuma kushoto hapakuwa na mtu. Kulia alikuwepo mtoto tu, miezi minane, kwenye kiti chake, akiuchekea ule upande mtupu.

"Skrini imezeeka," mumewe alisema. "Gari la mkononi hilo, mke wangu. Waliolitengeneza waliacha kuihudumia kitambo."

Hakubishana. Alikuwa amechoka, yaani usiku halali, mchana yuko kazini, na mtoto lazima afikishwe hospitali mara tatu kwa wiki miguu ikanyooshwe, na huko bila gari hufiki.

Jumatano kiyoyozi kikaanza kutoa harufu ya udongo mbichi. Ijumaa, akiwa njiani na mtoto, ile tit ikanyamaza yenyewe, na nyuma ukasikika mkanda ukivutwa polepole, halafu ko. Akasimama, akageuka. Mkanda wa kushoto umefungwa, umebana, kama umepita kwenye kifua cha mtu.

Akanyoosha moja kwa moja kwa fundi umeme wa magari.

"Itoe hiyo skrini, kaka. Leo hii."

Fundi akaingiza kichwa, akanusa, akakitoa haraka. Akaongea chini chini. "Dada, zamani redio ya gari ilikuwa mpangaji. Ikikusumbua, skrubu nne, inatoka, unaweka nyingine. Hii wameifanya mwenye nyumba. Milango yake, kiyoyozi chake, hata kuwaka mpaka yeye atake. Nikiitoa, gari halitembei."

"Na huyo aliyemo?"

"Kajibanza humo humo. Angekuwa kwenye redio ya kuchomoa, ningemtupa nayo."

Jumatatu ikafika, na hospitali haingoji, na mumewe akashika usukani, na yeye, kwa kuwa hata nguvu ya kuogopa ilikuwa imemwishia na mtoto hawezi kuachwa nyuma peke yake na kile kitu, akafungua mlango wa kushoto, akaufungua ule mkanda, ukaachia kwa shida, akajisemea kiti ni kimoja, nikikaa mimi yeye hana pa kukaa, akainama, akajishusha taratibu, na kabla hajakifikia kiti akahisi magoti ya baridi chini yake, na mikono miwili ikampakata.