Seva Inajibu, Ukurasa Umeganda

Ukumbi wa tiketi ulifurika hadi mlangoni, na watu walikuwa wamechachamaa. Mfumo mpya wa kukata tiketi umeganda siku ya kwanza! Kijana mrefu, shati jeupe limelowa jasho mgongoni, alikuwa amebanwa kwenye kioo cha kaunta na laptop yake mkononi.

"Seva ni nzima jamani! Inajibu haraka tu."

"Mwambie huyu mama hapa," sauti ya kike ikamdaka. "Kiduara kinazunguka kwenye simu yake tangu tuingie."

Akageuka. Dada mwenye gauni la kijani na miwani mikubwa, naye kabanwa vilevile, anacheka. Kumbe ni wa kampuni moja, ghorofa tofauti, wote wametumwa kuchunguza. Kijana, ambaye wenzake walimwita Mafuriko, kazi yake ilikuwa kuirushia seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, maombi ya tiketi maelfu kwa mkupuo, bila kufungua ukurasa hata mmoja. Dada waliyemwita Jicho alifungua ukurasa wa tiketi kwenye brauza na kubofya kitufe kimoja kimoja, kama mteja.

"Wewe unapima mashine, mimi napima anachokiona binadamu," alimtania.

"Basi nipime mimi."

"Aa, wewe utaanguka mapema."

Akaanguka kweli, na Jicho akaanguka naye. Loo, walipendana hao!

Lakini Jicho aliishi kwa kaka yake, aliyemlea tangu wazazi wao wafariki. Jumapili jioni kaka akatangaza kwamba amemtafutia kazi nje ya nchi, ofisini kwa rafiki yake, na safari ni Jumamosi. Hakumuuliza. Jicho alipoingia chumbani alikuta sanduku limeshawekwa kitandani, limefunguliwa. Angemkataliaje mtu aliyemlisha? Hata kumwambia mpenzi wake alishindwa. Alitaka aulizwe na mtu anayemtazama usoni.

Simu ikaita, ni Mafuriko. "Mpenzi wangu, uko poa?"

"Niko poa."

"Safi. Lala salama, malaika." Akakata.

Kila siku hivyohivyo. Anauliza, anajibiwa, anaridhika. Wanaume wengine, jamani! Jicho akaamini hapendwi tena, akawa anapanda ngazi ili wasikutane kwenye lifti. Mafuriko naye, akijua huko kwa mwenzake kila kitu ni shwari, akadhani amechokwa.

Alhamisi mfumo ukaganda tena, meneja akawafungia wote wawili kwenye chumba kisicho na dirisha. "Hamtoki mpaka nijue kinachoganda. Wewe ielemee seva. Wewe, wakati imeelemewa, fungua brauza moja tu utuambie mteja anaona nini."

Wakakaa wamepeana migongo. Joto, na feni za mashine tu.

"Seva inajibu vizuri," alisema Mafuriko. "Kwako?"

"Kumeganda."

"Haiwezekani. Majibu yote yamefika."

"Yamefika, ndiyo. Inuka uone."

Akainuka. Kweli, kiduara kilikuwa kinazunguka: majibu yapo, lakini ukurasa umekwama kwenye ramani ya viti, na kitufe cha kulipia hakibofyeki. Alitaka kusema kitu, akamwona usoni. Macho mekundu, yamevimba.

"Umelia?"

"Wiki nzima."

"Lakini kila siku unaniambia uko poa!"

"Na wewe kila siku unaniamini."

Akamweleza yote. Mafuriko akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Unataka kwenda?"

"Sitaki. Lakini kumwambia kaka mdomo unakuwa mzito. Nimebanwa, mpenzi."

Akaomba namba ya kaka, akapiga, akaweka spika.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mtu anayetaka kumuoa dada yako. Naomba nije nyumbani, tuonane ana kwa ana. Mambo ya simu yameniponza."

Jicho akashika ukingo wa meza.

"Yeye yuko hapo?"

"Yupo."

"Mdogo wangu," sauti ikalainika kidogo. "Uko poa?"

Jibu lilelile lilikuwa tayari mdomoni. Jicho akamtazama Mafuriko, akalimeza.

"Siko poa, kaka."