Mkono Uliokosekana kwenye Damu ya Hadubini

Nakutegea wewe unayesoma, usimgeukie jirani: nina walinzi wasio na macho wala masikio. Nyumba nzima wanaizunguka, na mwenyeji wanamjua kwa kumpapasa sukari aliyojipaka. Ni akina nani?

Hujapata? Mji utanipa baadaye. Kaa kwanza usikilize, maana walinzi hao nusura wamkoseshe mjukuu wangu mume.

"Chukua damu yangu," Fundi alisema, akajitoa nyuma ya friza na kukunja mkono wa shati.

Walikuwa maabara, hospitalini. Friza ilikuwa inavuja maji, na Fundi, ambaye kazi yake ni kutengeneza majokofu, alikuwa amelala chali nyuma yake. Mjukuu wangu alikuwa na mafua, pua nyekundu kama nyanya. Tunamwita Hadubini, kwa sababu tangu mdogo hali chungwa bila kulichungulia kwanza.

Kazi yake ni hii. Kila akipima damu ya mgonjwa wa kifua, lazima aweke pembeni damu ya mtu mwenye afya ili alinganishe. Tena iwe ya asubuhi ileile, maana chembe nyeupe za damu hazikubali kulazwa. Mtu mwenye afya alikuwa yeye mwenyewe siku zote. Anajifunga mpira, anajichoma, kazi inaendelea. Ila mtu mwenye mafua utasemaje ana afya?

"Utaanguka," akamwambia Fundi.

"Nikianguka nidake. Si ndiyo kazi ya mchumba?"

Hadubini akachoma, akajaza kichupa, akambandikia pamba. Neno mchumba akalipita kama hajalisikia.

Alikuwa na sababu. Jumapili iliyotangulia walikuja kwangu kunywa chai, na mjukuu wangu akatueleza kazi yake. Alisema chembe nyeupe za damu zimeota mikono midogo ya protini, na mwili wetu wote umepakwa sukari za aina yake. Mikono ile inashika sukari. Ipo inayoituliza chembe: huyu ni wa kwetu, mwache. Ipo inayoiamsha. Yeye anaiita siglek, kila mmoja na namba yake, na aliokuwa akiufuatilia ni wa kumi na nne, wa upande wa kuamsha. Damu ya wagonjwa wake wa kifua, karibu wote, ilikuwa nao. Damu yenye afya haikuwa nao kabisa. Mkuu wake, tunayemwita Dokta, alikuwa anajiandaa kwenda kuyatangaza hayo kwenye mkutano mkubwa.

Umeshawajua walinzi wangu, eh? Haya, mji wangu nipe.

Fundi alisikiliza, akazungusha kikombe, kisha akauliza polepole:

"Na mimi? Ukinipapasa, moyo wako unasemaje? Wa kwetu, au mgeni?"

Ilikuwa posa hiyo, hata mimi nisiyesoma sana nilielewa. Hadubini akatazama sakafu.

"Acha nimalize kipimo changu kwanza."

Swali likabaki pale mezani na makombo ya mkate.

Sasa, damu ya Fundi ilipopita kwenye mashine, mjukuu wangu akaipitisha tena. Mkono wa kumi na nne ulikuwepo, umejaa tele, kama kwa wagonjwa wake. Na baba yake Fundi alikufa kwa kifua.

Hakumwambia. Simu ikaita, ikaita, ikachoka. Zikaanza meseji, ambazo alikuja kunionyesha baadaye:

"Damu yangu imekukosea nini? Tangu uichukue hupokei simu."

"Niko kazini."

"Hata friza iko kazini, lakini inanguruma kidogo watu wajue ipo."

Hakujibu. Ikaja nyingine.

"Kama jibu ni mgeni, niambie. Nitaumia, ila nitajua pa kukaa."

Hiyo ndiyo iliyomleta kwangu. Alisimama kwenye beseni la vyombo akasugua sahani moja mpaka nikaionea huruma.

"Mke mwenzangu, mume wetu kafanya nini?"

"Hajafanya kitu, Bibi. Damu yake inafanana na ya wagonjwa. Anaumwa na hajijui."

"Umemwambia?"

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo."

Nilimpigia Fundi mwenyewe. Alifika na begi la vifaa, akidhani jokofu langu limekufa. Hadubini akamweleza yote huku akisokota kitambaa cha vyombo. Fundi akaweka begi chini.

"Kwa hiyo ulinikimbia kwa sababu naumwa?"

"Sikukukimbia wewe. Nilikimbia kukuambia."

"Basi twende nikapimwe. Na njiani unishike mkono, maana sasa ndiyo naogopa."

Walikwenda wote. Akapigwa picha ya kifua, akapulizishwa kwenye bomba, akasikilizwa mbele na nyuma. Dokta akaishika picha dirishani, akasema kifua kile kinaweza kupuliza tairi la lori. Hakina kitu.

Fundi alicheka mpaka akalazimika kukaa. Hadubini alishukuru Mungu pale kwenye korido, mbele za watu, bila haya. Kisha akajiuliza. Kama huyu ni mzima, na mkono anao, ule ugunduzi wao ni wa nini? Akamwambia Dokta mkutano usubiri, anahitaji damu ya watu wengine wenye afya. Fundi aliyasikia. Swali lake lilikuwa halijajibiwa bado, na mwingine angenuna aende zake.

Kesho yake asubuhi korido ya maabara ilijaa mafundi wenzake wa karakana nzima, wamenawa mpaka viwiko.

"Shemeji," alisema mmoja, mchomeleaji mwenye mikono kama mapipa, "tumeambiwa kuna bibi harusi anakunywa damu. Tumekuja kumuona."

"Mimi ubakishie ya kunirudisha nyumbani," akadakia mwingine.

Hadubini aliwachoma mmoja mmoja, uso unawaka kwa hilo neno shemeji ambalo alikuwa hajalilipia. Yule mchomeleaji ndiye aliyezimia, kwa taarifa yako. Mafua ya Hadubini yalikuwa yamekwisha, basi naye akatoa damu yake, akaiweka mwisho wa foleni.

Jioni simu yangu ikaita.

"Bibi, ni mimi."

"Najua ni wewe, jina limetokea."

"Hapana. Ni mimi. Mafundi wote mkono wanao. Mimi ndiye sina, sikuzaliwa nao. Wale wagonjwa hawajaota kitu chochote kipya kwa kuumwa. Muda wote huu nimempima kila mtu kwa kujipima mimi."

Nilimwambia ale kwanza, ndipo aende kwa Dokta.

Alikwenda akiwa ameshakubali kufukuzwa. Dokta aliyasoma majibu yote, akavua miwani, akasema:

"Watu waliozaliwa bila mkono huu wapo wengi, na wanaishi vizuri tu. Hilo lisikutishe. La kutisha ni kwamba ningesimama mbele ya watu nikatangaza kuwa kitu cha kawaida kabisa ni ugonjwa. Nami sikuwahi kukuuliza mwenye afya wako ni nani. Ahsante, binti."

Tangu siku hiyo hakuna anayejichoma peke yake mle maabara.

Jumapili Hadubini akawaalika mafundi wote kwangu. Viti havikutosha, wengine wakakalia ndoo. Alimmiminia kila mmoja chai kwa mkono wake, akamshukuru mmoja mmoja, na mchomeleaji akapewa sukari ya ziada kwa ajili ya kuzimia. Fundi akafikiwa mwisho.

"Nasikia una mkono pungufu," Fundi alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa wa kazi gani?"

"Wa kuamsha walinzi. Wa kupiga kelele."

"Na ule wa kutuliza?"

"Huo ninao. Ni pacha wake. Nimeuangalia mara mbili."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akanywa chai. Hakuuliza tena. Ni mtu wa kuuliza mara moja, kama mtu anayebisha hodi kisha akasubiri.

Mjukuu wangu akaweka birika chini. Akakichukua kiganja cha Fundi, kigumu kwa koleo na gesi ya baridi, akakipapasa taratibu, kidole hadi kidole. Karakana nzima ikaacha kutafuna.

"Uliniuliza swali," alisema.

"Niliuliza."

"Wa kwetu."