Meza Isiyoondolewa Vyombo

Watu wa filamu walipofika Kimulot, mimi ndiye niliyecheka zaidi. Walitoka Nairobi na makoti mazito kana kwamba wanapanda mlima wa barafu, kumbe ni sisi tu na majani chai yetu. Walikodi nyumba ya zamani ya meneja wa shamba, ile kubwa ya vigae vyekundu, wapige filamu ya familia inayogombania urithi. Machozi mengi, na chai kila baada ya dakika tano.

Dada yangu mdogo, Valary, alipewa nafasi ya mtumishi. Maneno yake yalikuwa manne tu: "Chai iko tayari, mama." Aliyafanyia mazoezi mpaka kuku wetu wakayajua. Muturi, mwelekezi, alimwahidi sehemu kubwa katika filamu ijayo akifanya vizuri, na sijawahi kuona msichana akifurahi namna ile. Mimi kazi yangu ilikuwa kulinda meza ya chai.

"Nyaberi, hii meza isiguswe na mtu," Muturi aliniambia. "Hiyo scene tunaifanya siku tatu. Kamera lazima ikute kila kitu pale ilipokiacha."

Basi kila jioni niliipiga picha kwa simu, kisha nikaiacha vilevile. Birika na vikombe sita vya kaure.

Babu yetu Ratemo aliwahi kuwa mpishi katika nyumba hiyo, zamani za meneja Mzungu. Nilimsimulia tukila, nikidhani atacheka. Aliweka kijiko chini.

"Mmeacha vyombo mezani?"

"Ni kazi, babu."

"Memsahib, mke wa meneja, alikufa kwa hiyo meza akingoja chai. Tangu hapo vyombo vilikuwa vinatolewa vyote, kila siku. Mpishi aliyenitangulia aliviacha mara moja. Akaitwa apeleke chai, akaenda. Tulipata aproni yake tu." Alinitazama. "Toa vyote, mjukuu wangu. Hata kijiko usiache."

Namheshimu babu, lakini kusema kweli nilimwogopa Muturi zaidi. Ningeharibu meza, Valary angekosa nafasi yake. Vyombo nikaviacha.

Siku ya pili, saa nane mchana, mvua ya mawe ikashuka kama kawaida yake. Tulikuwa nje tukipiga sehemu nyingine, sote tukakimbilia gereji. Ilipokatika nikarudi mezani. Birika lilikuwa moto. Kikombe kimoja kilikuwa na chai nusu, na hakuna mtu aliyekuwa ameingia.

Valary alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Nani ameniita?" alinong'ona.

"Hakuna mtu amekuita."

"Ameniita mara mbili. Anasema nimechelewa."

Nilishikwa na hofu, nakiri. Hata hivyo nikaosha kikombe kile, nikakirudisha mahali pake, nikapiga picha. Huo ujinga ni wangu, sina wa kumlaumu.

Siku ya tatu mawe yalirudi. Gerejini nikamtafuta Valary kwa macho. Hayupo. Nikakimbia.

Chumba cha kulia kilikuwa na kiza. Valary alikuwa anazunguka meza. Anamimina. Kiti hiki, kiti kile. Birika haliishi.

"Ndiyo, memsahib," alisema. Sauti haikuwa yake. "Maziwa kidogo."

Kiti cha mwisho kikasogea nyuma. Taratibu.

Nikashika kitambaa cha meza kwa mikono miwili, nikavuta.

Kila kitu kilivunjika. Valary alianguka, akaamka akilia, hajui amefikaje pale. Muturi alitufukuza siku hiyohiyo, na ile sehemu kubwa ikaenda na maji. Sikujali. Nilikuwa nimemrudisha dada yangu nyumbani.

"Ulitoa vyote?" babu aliuliza.

"Vyote. Vikombe sita."

Nikamwonyesha picha ya jana yake. Alisogeza simu karibu na macho. Nyuma ya birika, upande wa jikoni, kulikuwa na kikombe cha saba. Cha bati, cheupe, ukingo wa bluu uliobanduka. Sikukiweka mimi.

"Hicho ni cha mpishi," babu alisema. "Hicho hukukitoa."

Kesho yake mchana nilikikuta kwenye meza yetu, mbele ya kiti cha Valary. Kimejaa chai ya moto, na jiko letu halijawashwa. Nikamwaga, nikaosha, nikakifungia kabatini. Siku iliyofuata kilikuwa mezani tena. Kwa miezi minne nilikitoa kila siku kabla hakijapoa. Nilikataa kazi Kericho kwa sababu yake.

Alhamisi iliyopita nilienda Merigi kumzika shangazi yetu. Nilimwachia babu kazi hiyo. Ni mzee, alisinzia kidogo tu.

Niliporudi, kikombe kilikuwa kitupu. Kwenye kiti cha Valary kulikuwa na aproni nyeupe, imekunjwa vizuri. Nikatia mkono mfukoni mwa aproni nikatoa mawe ya mvua, matatu, bado hayajayeyuka. Kimulot mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Majirani bado wanamtafuta Valary kwenye majani chai. Mimi nimeacha kutafuta. Kila mchana naandaa meza, birika na vikombe viwili, na siondoi kitu. Nangoja na mimi niitwe.