Kuni za Darini

Kazi ya Sabrina nyumbani kwao Ibighi ilikuwa kuni. Kila asubuhi kabla ya shule alipanda ngazi ya mianzi hadi darini, juu ya mafiga, mahali ambapo moshi wa jikoni hukausha kuni taratibu. Alishusha kavu za siku hiyo, kisha akapandisha mbichi kujaza nafasi. Mvua ya Tukuyu haina miadi, na bila dari lile kuna siku wangekunywa chai ya baridi. Sabrina alilijua hilo vizuri, lakini kupanda ngazi alikuchukia kuliko hata kufua sare.

Ulikuwa mwaka 1991. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na baba yake, Kasim, naye hakutaka kubaki nyuma. Alinunua pikapu kuukuu, akaijaza mitumba, akawa anazunguka magulioni. Likizo ya Juni ilipofika alisema, "Safari hii twende wote. Siku nne, tutalala kwenye turubai." Mama yake, Hadijah, alipakia sufuria, mablanketi na unga. Hofu yake ilikuwa Ismael, mdogo wake Sabrina, mtoto wa miaka minne ambaye baridi ikimpiga kidogo tu kifua kinambana.

"Sabrina, kuni umepakia?" baba aliuliza.

"Nimepakia, baba."

"Za darini?"

"Za darini."

Uongo mtupu! Alikuwa ameshusha vijiti vichache tu vya kuweka juu. Chini alijaza kuni za uani, zilizonyeshewa masika yote. Asubuhi ile jua lilikuwa linawaka, naye akajiambia zitakauka njiani. Jua la Tukuyu, jamani!

Siku mbili za kwanza vile vijiti vilitosha. Siku ya tatu wote walikuwa hoi. Asubuhi jua, adhuhuri ukungu, alasiri mvua. Wakawa wanatandaza mitumba, wanaikusanya, wanaitandaza tena. Walipopita Kinyala gari likanasa kwenye tope. Walisukuma wote, wapi! Halikusogea hata hatua moja. Baba akafunga turubai ubavuni mwa gari, kando ya migomba.

Ismael alikuwa amelowa chapachapa. Mama alimvua nguo, akamzungushia blanketi, lakini mtoto alizidi kutetemeka na kifua kikaanza kupiga mluzi.

"Baba Sabrina, washa moto upesi. Mtoto huyu anahitaji joto na maji ya moto."

Kasim akawasha. Ukatoka moshi. Akapuliza, akabadilisha kuni, akapuliza tena.

"Hizi za juu zimepata mvua," alisema huku macho yamemwiva. "Za ndani ni kavu, ni za darini."

Akafungua mzigo, akachagua nyingine. Njiti za kiberiti zilibaki nne, kisha mbili. Moshi ulimfuata Ismael kwenye blanketi, naye akakohoa hadi akakosa pumzi. Sabrina alijua baba angeendelea kutafuta kuni kavu mpaka afike chini ya mzigo, na hata chini zote zilikuwa zimelowa.

"Baba, acha," alisema. "Hakuna kavu hata moja. Ni za uani. Nilikudanganya."

Kasim alimtazama. Alikuwa amechoka mno asiweze hata kugomba. Akanyoosha mkono kuelekea nyumba moja juu ya mteremko. "Kimbia kaombe moto pale. Na ukiulizwa, useme ukweli mwenyewe."

Sabrina alikimbia hadi kwenye nyumba ile; jikoni alikuwamo bibi mmoja, Tupokigwe, anamenya ndizi.

"Shikamoo, bibi. Naomba moto. Mdogo wangu anaumwa kifua, gari letu limenasa."

"Marahaba. Mmetoka wapi?"

"Ibighi."

"Ibighi, Tukuyu hapo? Na mnasafiri bila kuni kavu?"

Sabrina alitamani kusema mvua imezilowesha. Lakini akasema kweli. "Zipo nyumbani, bibi. Mimi niliona uvivu kupanda darini."

Bibi alicheka. "Basi leo utapanda. Ngazi ile pale, shusha za kutosha. Kisha kamlete mtoto hapa hapa. Kifua kinabana, nyie mnamlaza kwenye turubai?"

Kabla jua halijazama wote walikuwa jikoni kwa bibi. Moto uliwaka vizuri, maji yakachemka, na polepole kifua cha Ismael kikatulia. Akalala mapajani mwa mama. Sabrina akaanza kulia.

"Mwanangu," baba alisema kwa sauti ya uchovu, "mvua hatukuiweza, na lile tope hatukuliweza. Lakini mimi nimepuliza zile kuni nusu saa nzima kwa sababu nilikuamini. Ungeniambia mapema, ningekuwa nimeshabisha hodi hapa zamani, na mdogo wako asingeteseka vile. Kuni zikilowa tunaomba kwa watu. Ukinidanganya, mimi nitajuaje la kufanya?"

Asubuhi majirani walisaidia kulinasua gari, na bibi akawapa mzigo wa kuni.

"Ndaga fijo, bibi," Sabrina alimshukuru kwa Kinyakyusa, kisha akaupeleka garini.

"Kavu?" baba aliuliza.

Sabrina alifungua kamba, akazishika moja moja. "Sita ni kavu, baba. Hizi mbili bado."

Kasim alizipokea, akazipakia bila kuzikagua. "Haya," alisema. "Sasa mtu anaweza kusafiri na wewe."