Saa Iliyorudishwa Nyuma

Katika shule ya msingi ya Harderwold, mji mdogo ulio karibu na Ziwa Michigan, kulikuwa na kazi moja ambayo kila mwanafunzi wa darasa la tano aliitamani: kuwavusha wadogo barabara. Marit Dykhouse aliipata mwezi Septemba. Kila asubuhi alikula uji wake wa shayiri, akavaa mkanda wa rangi ya chungwa unaong'aa, akachukua kibendera na kwenda kusimama kwenye kona ya Mtaa wa Kanisa. Watoto wa darasa la kwanza walifika mmoja mmoja, pua nyekundu kwa baridi, na hakuna aliyethubutu kuvuka mpaka Marit ateremshe kibendera.

Nyumbani walikuwa watatu. Mama alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee na aliondoka alfajiri. Babu Gerben, baba yake Mama, aliamka mapema vilevile, akawasha pikapu yake na kwenda mgahawani kunywa kahawa na wakulima wenzake waliokwisha kustaafu. Kwa hiyo Marit aliamshwa na saa yake ya mezani, akajitayarisha mwenyewe. Alijivunia jambo hilo.

Kisha ukafika mwezi wa Machi, na pamoja nao ile Jumapili ambayo mji mzima uliichukia. Kwa amri ya serikali, saa zote zilisogezwa mbele kwa saa moja, kama ilivyofanywa kila mwaka, mpaka zirudishwe tena mwezi wa Novemba. Watu walilala kama kawaida wakaamka wakiwa wameibiwa saa nzima. Kanisani nusu ya viti vilikuwa vitupu, na waliokuja walipiga miayo hata wakati wa nyimbo.

"Haya ni mambo gani jamani?" Mama alifoka akitengeneza chakula cha mchana. "Wiki iliyopita tulikuwa tumeanza kuliona jua asubuhi. Sasa tunarudishwa gizani! Wazee wangu kule kazini watakataa kula wiki nzima. Ukiwaambia ni wakati wa chakula, wanakuambia matumbo yao hayajapewa taarifa."

Babu alicheka. "Afadhali wazee wako wanasema. Mimi ng'ombe wangu walikuwa hawasemi. Nilikuwa nikiingia zizini kwa saa mpya, wananitazama kama wameingiliwa na mwizi. Na maziwa hawatoi ng'o!"

"Sasa kama kila mtu anachukia, kwa nini tunafanya?" Marit aliuliza.

"Muulize aliyeanzisha," Babu alijibu. "Mimi nimeuliza tangu nikiwa kijana, sijajibiwa."

Saa za simu zilijibadilisha zenyewe, lakini saa za nyumbani zilikuwa kazi ya Babu. Alikwisha kuzisogeza zote tangu Jumamosi jioni: ya jikoni, ya sebuleni, na ile ya mezani kwa Marit.

Jumapili hiyo usiku Mama alimwamuru Marit akalale. Marit hakuwa na usingizi hata chembe. Jana yake, wakati kama huo alikuwa bado sebuleni na kitabu chake.

"Mama, hii si saa ya kulala! Ni saa ya uongo!"

"Saa ya uongo ndiyo itakayokuamsha kesho. Nenda!"

Marit alikwenda akiwa amenuna. Aliitazama saa yake ya mezani, hasira zikampanda. Akakizungusha kile kigurudumu cha nyuma, akaurudisha mshale mahali ulipokuwa kabla watu wazima hawajauvuruga. "Hivi ndivyo ilivyo kweli," alijiambia. Akafungua kitabu chake. Aliazimia kuusogeza tena mshale kabla ya kuzima taa, lakini usingizi, uliokataa kuja ulipoitwa, ulimchukua kitabu kikiwa kifuani.

Alipoamshwa na kengele asubuhi, aliona kitu cha ajabu. Dirishani kulikuwa kumeanza kupambazuka, na kwa saa mpya ilipaswa kuwa giza bado. Alikimbilia jikoni, akaitazama saa ya ukutani. Alipaswa kuwa kwenye kona tangu zamani! Aliingiza miguu kwenye viatu bila soksi na kutoka mbio, mkanda mkononi.

Alipofika kwenye kona alikuta gari limesimama upande upande, taa zake zikimulika lundo la theluji. Dereva, mwanamume wa makamo, alikuwa amepiga magoti barabarani akirudia maneno yale yale: "Sikumwona. Haki ya Mungu sikumwona. Kulikuwa giza." Mbele yake alikaa Wendell, mtoto wa darasa la kwanza mwenye kofia ya manyoya, akilia huku ameshika mkono wake. Alikuwa amemsubiri mwenye kibendera, hakumwona, akaamua kukimbia. Gari lilifunga breki, likateleza kwenye barafu na kumgusa kwa ubavu. Kifundo cha mkono kilivunjika. Kila mtu pale alijua kwamba lingeweza kutokea baya zaidi.

Mwalimu mkuu, Bwana Tuinstra, alimwita Marit ofisini. Hakumpigia kelele, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

"Marit, hujawahi kuchelewa hata siku moja. Leo ulikuwa wapi?"

Picha ya Wendell akilia haikumtoka machoni. Aliufungua mdomo ili aseme ukweli, na likatoka jingine.

"Babu... Babu alisahau kuisogeza saa yangu."

Bwana Tuinstra alishusha pumzi. "Saa hizi! Kila mwaka ni balaa. Basi, mwanangu, si kosa lako. Nenda darasani."

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Wakati wa mapumziko rafiki yake Tamsin, ambaye naye alivaa mkanda na kusimama langoni, alimshika bega. "Usijali wewe. Baba yangu leo kaenda kazini amevaa viatu viwili tofauti. Mama anasema hii serikali ingekuwa jirani yetu, angeshaihamisha mtaa." Wengine walicheka. Marit aliinama akafunga upya kamba za viatu vyake.

Jioni hiyo alipoingia nyumbani, alimkuta Mama Mkubwa Corrie jikoni pamoja na Mama. Bwana Tuinstra alikwisha kumpigia Mama simu, na sasa walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini.

"Majira ya baridi alisahau chungu jikoni mpaka kikaungua," Mama Mkubwa alisema. "Leo saa. Kesho? Mimi naona wakati umefika. Mtu wa kusahau namna hii hawezi kuendesha gari."

"Lakini ile pikapu ndiyo maisha yake," Mama alinong'ona.

"Na Wendell je, siyo maisha?"

Babu aliingia akitokea sebuleni. Bila shaka alikuwa amesikia. Alitoa funguo za pikapu mfukoni na kuziweka mezani, polepole, bila ubishi. Ubishi wake wa siku zote ulikuwa umekwenda wapi?

"Mimi nakumbuka niliisogeza," alisema. "Nakumbuka nilikaa kitandani kwa Marit, nikazungusha kile kigurudumu. Lakini kama mtoto anasema haikusogezwa, basi labda niliota. Chukueni."

Marit alisimama mlangoni. Maneno yalikuwa pale pale, mwisho wa ulimi. Lakini sasa uongo ulikuwa umekua mkubwa kuliko yeye. Aliingia chumbani mwake na kujifunika blanketi hadi kichwani.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwa kila mtu. Asubuhi zilikuwa nyeusi kama usiku, na watu walisalimiana kwa kulalamika. Madereva wa mabasi walilalamika, walimu walilalamika, muuza mikate alilalamika. Wazazi walisindikiza watoto wao kwa tochi, wakiwa na hasira wasiyojua wamtupie nani. Lakini nyumbani kwa Marit, mmoja aliacha kulalamika kabisa. Babu hakwenda tena kunywa kahawa. Wenzake walipompigia simu wakitaka kuja kumchukua, alisema ana mafua. Marit alimwona mara kadhaa amesimama mbele ya jiko, akigusa swichi moja baada ya nyingine ili kuhakikisha zimezimwa, kisha anaondoka, kisha anarudi kuzigusa tena.

"Babu, zimezimwa zote," Marit alimwambia.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Asante, mjukuu wangu. Siku hizi sijiamini." Akampapasa kichwa, na Marit alitamani ardhi impasukie.

Alhamisi jioni wazazi waliitwa kwenye mkutano wa bodi ya shule. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mama aliwachukua Babu na Marit, kwani alitaka familia yao ionekane pale.

"Hatuwezi kuibadilisha sheria ya saa," mwenyekiti wa bodi alianza. "Iko nje ya uwezo wetu."

"Basi badilisheni saa ya kuanza shule!" mtu alipaza sauti.

"Watoto wetu wanatembea gizani kama popo!" mwingine alidakia, na ukumbi mzima ukavuma.

Mama Mkubwa Corrie alisimama. "Mimi nitawapa mfano wa nyumbani kwetu," alisema. "Baba yangu, Gerben, alichunga saa za familia maisha yake yote. Mwaka huu hii vurugu ya saa imemshinda. Amesahau, na mtoto wa watu amevunjika mkono. Mnasubiri nini tena? Mpaka wazee wetu wachanganyikiwe wote?"

Watu waligeuka kumtazama Babu. Wengine walimwonea huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomwinamisha kichwa. Yule mzee aliyekuwa akimjibu kila mtu alitazama ncha za viatu vyake kama mtoto aliyekemewa.

Marit hakujua alisimamaje. Alijikuta tu yuko juu ya miguu yake.

"Babu hakusahau."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Mwenyekiti akamwambia arudie.

"Babu hakusahau!" alisema, machozi yakianza kumtiririka. "Aliisogeza. Mimi ndiye niliyeirudisha nyuma, Jumapili usiku, kwa sababu nilikasirika. Nikalala bila kuitengeneza. Halafu nikaogopa, nikamsingizia. Babu anakumbuka kila kitu. Ni mimi."

Kisha mjumbe mmoja wa bodi, ambaye tangu mwanzo hakutaka mabadiliko yoyote, aliegemea kiti chake. "Basi, mmesikia. Tatizo si giza wala saa. Tatizo ni mtoto mmoja aliyechezea saa yake. Tufunge mkutano."

Minong'ono ilizuka. Marit alihisi ameumiza kila mtu mara mbili: kwanza kwa uongo, na sasa kwa ukweli. Lakini mwanamke mmoja mwembamba aliyekaa safu ya mbele alinyanyuka. Alikuwa mama yake Wendell.

"Msifunge," alisema. "Huyu binti amekosa, na nina hasira naye, sitaficha. Lakini dereva hakumwona mwanangu kwa sababu kulikuwa giza. Watoto wa kona nyingine wanavuka katika giza hilo hilo, wenye kibendera na wasio na kibendera. Binti amesema sehemu yake. Sasa nanyi semeni yenu."

Bodi ilijadiliana kwa muda mrefu. Mwishoni iliamuliwa kwamba mpaka mwisho wa Aprili, jua litakapokuwa linachomoza mapema, masomo yatachelewa kuanza kwa muda wa saa moja, na taa ya barabarani itawekwa kwenye ile kona. Watu walipiga makofi, ingawa wengi walitoka bado wakinung'unika kwamba Novemba vurugu itarudi.

Mlangoni Marit alimkabidhi Bwana Tuinstra mkanda wake kabla hajaombwa. Mwalimu mkuu aliupokea. "Hautakuwa wako tena mwaka huu," alisema. "Lakini nimefurahi kwamba umeuleta mwenyewe." Kisha Marit akamwendea mama yake Wendell na kumwomba msamaha. Yule mama hakutabasamu. Alisema tu, "Njoo Jumamosi, umwambie Wendell mwenyewe." Marit akaitikia.

Mama Mkubwa Corrie, uso umemwiva kwa aibu, alimkumbatia baba yake na kumrudishia funguo. Njiani kurudi nyumbani Mama alikaa nyuma, Babu akaushika usukani wa gari la Mama.

"Babu, umenikasirikia?" Marit aliuliza hatimaye.

"Sana."

Marit aliangalia mikono yake.

"Saa zimenikasirisha maisha yangu yote," Babu aliendelea, "kwa hiyo hasira yako naielewa. Ulikuwa na haki ya kulalamika. Mji mzima una haki. Lakini sikiliza. Giza lilikuwa giza kweli, barafu ilikuwa barafu kweli, na Wendell ameumia kweli. Hayo yalitosha. Ukiwa na haki, usiichanganye na uongo, kwa maana watu wakiuona uongo wataitupa na haki yako pamoja nao. Leo ilibaki kidogo tu itupwe."

Alipunguza mwendo kwenye kona, akaangalia huku na huku, akaendelea.

"Na kuna la pili, kubwa kuliko la kwanza. Ukimsingizia mtu kosa, unaweza kumfanya aliamini. Siku hizi nne nilikuwa najiogopa mwenyewe, Marit. Nilikuwa nikizima taa, nasimama gizani najiuliza kama nimezima. Usimfanyie mtu hivyo tena."

"Sitafanya, Babu. Nisamehe."

Babu aliendesha mpaka walipozipita nyumba za mwisho za mtaa, ndipo akasema, "Nimekusamehe. Ulisimama mbele ya watu wote wale, na hakuna aliyekulazimisha. Kosa la mtu linaweza kuanza kwa hasira ya dakika moja, lakini kulitengeneza kunataka moyo. Leo nimeuona moyo wako."