Mniite Mama Pimamaji

Pasi ya kwanza katika duka la dobi huwaka saa kumi na mbili asubuhi. Mama huanza na mashati. Kola kwanza, mikono baadaye, mgongo mwisho. Binti yake, Kidoti, hupokea nguo mlangoni. Kazi ni nyingi na mikono ni minne tu.

Sakafu ya duka hilo ni ya vigae vya kijivu. Iliwekwa na mtoto wa kwanza wa mama, aliyekuwa fundi vigae. Fundi huyo hakuachana na pimamaji, kile kifaa chenye tone la hewa ndani ya kioo, kinachoonyesha kama mahali pamelala sawa. Alikiweka juu ya meza ya chakula. Alikiweka juu ya kitanda cha dada yake. Siku moja alikiweka juu ya kichwa cha baba yake aliyesinzia kitini, akasema, "Mzee ameinamia kushoto." Mtaa mzima ukamwita Pimamaji, na mama yake akawa Mama Pimamaji.

Kisha, akiwa na miaka ishirini na saba, Pimamaji alijiua.

Majirani walikuja. Walifagia, wakapika, wakaosha vyombo. Walikuwa wema. Lakini baada ya wiki chache mama aligundua jambo.

"Mama Kidoti, umeamkaje?" alisema mshonaji wa duka la pili.

Mama aligeuka kutazama nyuma, kana kwamba anayeitwa ni mwingine. Kisha akaitikia. Hakutaka kumwaibisha mtu aliyempikia siku tatu mfululizo.

Basi jina jipya likazoeleka. Jina la zamani lilipoondoka, liliondoka na mengine. Watu waliacha kusimulia vituko vya Pimamaji. Mama akitokea, mazungumzo yalikatika kama uzi. Yeye naye akajifunza kunyamaza. Alilia bafuni, bomba likiwa wazi, ili baba asisikie. Baba alilia uani. Kila mmoja alidhani anamlinda mwenzake.

Siku moja mteja mgeni alileta mapazia. Alipiga soga wakati Kidoti akiyahesabu.

"Mna watoto wangapi, mama?"

"Mmoja," mama alijibu.

Neno lilitoka lenyewe. Kidoti aliacha kuhesabu. Mteja alipokwenda, Kidoti aliketi juu ya furushi la mashuka.

"Mama, mimi nina kaka."

"Najua, mwanangu."

"Hilo jina la Mama Kidoti sikuliomba. Hawakunipa mimi. Wamemnyang'anya yeye."

Mama alizima pasi. Aliona kwamba ulimi wake mwenyewe umemfukuza mwanawe nyumbani.

Jioni ile nesi wa zahanati alikuja kuchukua sare zake. Alimkuta mama na macho mekundu. Akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Leo siondoki na sare tu," alisema. "Nieleze."

Mama alimweleza yote. Mwisho akauliza, "Nesi, mwanangu alikuwa mwoga? Watu wananong'ona kwamba hakuwa na imani. Na mimi nilikuwa wapi? Alikula hapa Jumapili. Akacheka."

"Hakuwa mwoga," nesi alisema. "Kuna ugonjwa unaitwa sonona. Roho inazama, na mtu anaona maumivu yake hayana mwisho. Kumbe yanatibika. Ugonjwa huo humfika mwenye imani na asiye nayo. Tena mara nyingi sababu haiwi moja, mambo hurundikana. Wewe ungejua, ungekimbia peku kumtafutia msaada."

"Ningekimbia."

"Basi usijihukumu kwa jambo ulilolijua kesho yake."

Mama alikunja sare polepole. "Na Mungu je?"

"Mimi kazi yangu sindano," nesi alisema. "Lakini sijasikia kwamba Mungu ametukabidhi sisi funguo za rehema zake. Mwombee kama ulivyomwombea alipokuwa hai."

"Majirani wanalificha jina lake."

"Wanaogopa kukutonesha. Hawajui kwamba tukificha, na mwingine mwenye maumivu kama yale anajifunza kuficha. Hapo ndipo penye hatari. Sema alikufa kwa kujiua. Namna alivyofanya usiisimulie. Simulia alivyoishi. Mimi kila asubuhi natembea juu ya kazi yake katika wodi ya wazazi. Mwaka wa nne huu, hakuna kigae hata kimoja kilichonyanyuka. Tunasukuma vitanda vya akina mama, haviyumbi."

Mama aliinua uso. Habari hiyo hakuwa ameisikia.

Wakati wa sala alimwombea mwanawe kwa sauti, kwa jina lake. Baba alisema amina, kisha akashindwa kujizuia. Walilia pamoja kwa mara ya kwanza.

Asubuhi mshonaji alisalimia kama kawaida. "Mama Kidoti, umeamkaje?"

"Salama. Ila mniite Mama Pimamaji."

Mshonaji aliweka mkasi chini. "Dada, tuliogopa kukutonesha."

"Mnanitonesha mnaponyamaza. Mwanangu alikufa kwa kujiua. Alikuwa mgonjwa na hatukujua. Lakini aliishi miaka ishirini na saba, na kazi yake ipo. Nendeni wodi ya wazazi mkaione."

Mshonaji alifikiri. "Aliwahi kuipima meza yangu," alisema taratibu. "Akaniambia cherehani yangu imelewa."

Walicheka, wakalia, wakacheka tena. Tangu siku hiyo jina likarudi mtaani.

Miezi ikapita. Mchana mmoja dereva wa lori alisimama mlangoni, kofia mkononi, bila nguo yoyote ya kufua.

"Namtafuta Mama Pimamaji."

"Ndiye mimi."

"Nimeambiwa wewe husemi kwa kuficha. Binti yangu ni mwoka mikate. Ameacha kazi, halali, anagawa nguo zake. Anasema tutapumua akiondoka."

"Umemuuliza kama anafikiria kujiua?"

"Naogopa kumtia wazo hilo."

"Kuuliza hakumtii wazo. Kunamfungulia mlango. Muulize kwa upole, waziwazi. Akisema ndiyo, usimkemee, usimhubirie. Msikilize. Ondoa vitu vya hatari. Usimwache peke yake. Na aende zahanati leo, si kesho."

"Nitaanzaje, mama?"

"Tutaanza wote." Mama alimpa Kidoti pasi, akavaa viatu.

Binti alipoulizwa, alisema ndiyo. Alilia sana. Baba yake alimshika mkono hadi zahanati, na nesi akampokea. Haikuwa kazi ya siku moja. Kulikuwa na dawa, mazungumzo ya kila wiki, na siku za kurudi nyuma.

Katika mwezi wa tano wa matibabu, binti huyo alikuja mwenyewe dukani. Alibeba aproni sita zilizojaa unga.

"Nimerudi kazini," alisema. Aliziweka mezani, akasita. "Mama, huyo Pimamaji alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama aliegesha pasi na kuvuta viti. Mteja mwingine alikuwa akisubiri mlangoni. Mama alimwita naye aje aketi.

"Sikilizeni," alisema. "Mwanangu alikuwa fundi."